Isale Moja, Maombi Mawili

Mama Odilia wa safu hii, shikamoo. Naitwa Magreth, nina miaka thelathini na sita, naishi Marangu na mama yangu mzazi na ng'ombe mmoja wa maziwa anayeitwa Lucky, na kabla sijamwaga yaliyonijaa naomba jambo moja, usinifiche jina, wengine wanaokuandikia unawaita Mama K wa Himo au Aliyechoka wa Majengo na mimi nawaelewa, lakini mimi nimeshafichwa vya kutosha, kila mgeni akiingia nyumbani naambiwa niende nyuma ya nyumba nikaangalie majani ya ng'ombe, kwa hiyo andika Magreth, na ukitaka andika na Marangu.

Nina ugonjwa ambao hospitali wanauita baipola, yaani kuna majira napanda, silali, naongea mfululizo, nagawa vitu, na kuna majira nashuka mpaka kuinua kikombe cha chai naona ni kazi ya kutwa, nimekuwa nao tangu nina miaka ishirini na mbili, ninakunywa dawa, ninashuka kliniki Moshi mjini kila mwezi, na huu ni mwaka wa tatu sijaanguka, namshukuru Mungu na ninajishukuru na mimi, kwa sababu vidonge ninavimeza mimi.

Mara ya mwisho kuanguka ilikuwa mwezi wa nne, masika, sikuwa nimelala siku tano, nikagawa kuku wote wa mama, nikaanza kuteremka korongoni peku huku mvua inanyesha nikisema nakwenda kufungua mfereji maji yawafikie watu wote wa chini, na kaka yangu mkubwa Praygod, ambaye alikuwa amekuja likizo kutoka Dar, akanikimbilia na binamu zetu wawili wakanikamata, wakanifunga mikono na miguu kwa kamba ya ng'ombe, kamba ya Lucky, wakanilaza nyuma ya pikapu na kunipitisha katikati ya gulio, na wenzangu wa kwaya walikuwa wamekaa pale na mikungu yao ya ndizi wakaniona. Sikumbuki mengi ya siku zile, Mama Odilia, lakini hilo nalikumbuka, nakumbuka hadi kitenge cha yule aliyegeuza uso. Nilipotoka hospitali ile kamba niliichoma jikoni nikanunua nyingine, na kwenye kwaya sijarudi mpaka leo ingawa sauti ya pili bado ninayo.

Sasa mwaka huu mwezi wa saba nesi wetu wa kliniki, Sista Gladness, baada ya kunipima presha akaniuliza, "Magreth, ukiugua tena, wewe mwenyewe ungependa tukufanyie nini?" Nilidhani ni mtego, miaka kumi na nne nimeulizwa nasikia sauti gani na nimelala saa ngapi lakini ninachopenda sijawahi kuulizwa. Akanieleza kwamba siku hizi kuna utaratibu wa mgonjwa kupanga matibabu yake pamoja na wataalamu, na unaanza na maisha ambayo mtu anataka kuishi, ugonjwa unafuata nyuma, na kwamba mtandaoni kuna kurasa zinazofundisha namna ya kuandika mpango kama huo, pale kliniki karatasi zake hawana ila mimi nikiandika wangu atauweka kwenye faili na daktari atausoma.

Basi nikamfuata Blessing, mtoto wa dada yangu, anasoma chuo na amepanga chumba Soweto, mtaa wa Moshi mjini, tukakaa na simu yake wikiendi mbili. Mtandao ni kama gulio, Mama Odilia, tulikutana na wanaouza mizizi ya kumaliza wendawazimu kwa siku saba na wanaoombea watu kupitia namba ya simu, lakini tulikutana pia na kurasa zilizoandikwa na watu wenye ugonjwa kama wangu, wanaeleza wao wenyewe wanavyoishi, na fomu za kujaza bure. Zilikuwa za Kiingereza, Blessing akawa anatafsiri mimi naandika kwenye daftari. Ni za watu wa mbali, moja iliuliza mbwa wangu atabaki na nani nikilazwa, Blessing akacheka, mimi nikamwambia hapo kwa mbwa weka ng'ombe, kwa sababu kila nilipolazwa hakuna aliyeuliza nani anamkamua Lucky, na mara ya mwisho nilirudi nikamkuta kiwele kimevimba. Nyingine iliuliza, siku yako nzuri ikoje, unapenda kuamka saa ngapi. Hapo nililia, na Blessing akaweka simu chini akasubiri nimalize.

Nikaandika kurasa tatu. Niliandika naitwa Magreth, naamka saa kumi na moja na nusu, nakata majani, nakamua, nakunywa chai na mama, hiyo ndiyo siku nzuri. Niliandika nataka kurudi kwaya. Niliandika dawa inanitetemesha mkono wa kulia mpaka namwaga maziwa, nataka daktari aliangalie hilo. Niliandika dalili zangu, kwamba nikianza kugawa vitu mniulize nimelala lini. Na palipoandikwa watu ambao sitaki wawepo nikiwa mgonjwa nikaandika, Kaka Praygod, kwa sababu ya kamba.

Hapa sasa ndipo nilipojichongea. Blessing aliupiga chapa vizuri akanirushia kwenye simu, nami nikataka kumtumia Sista Gladness, vidole vikitetemeka kama nilivyokueleza, nikautuma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, watu themanini na sita, kuanzia wajukuu mpaka wazee, walioko hapa, Arusha, Dar na Nairobi. Nilikwenda kukamua. Niliporudi tayari kuna mtu wa Nairobi ameweka vikono vya kusali na shangazi mmoja ameandika, "Jamani Magreth, tumekukosea nini?" Nikafuta lakini walikuwa wameshausoma.

Kaka Praygod siku ya tatu akajitoa kwenye kundi, na Jumapili iliyopita baada ya ibada nikamwona baba mkubwa Isack anaingia uani kwetu na fimbo yake, mkono wa kulia ameshika kitawi cha isale, jani moja limefungwa fundo. Wewe ni mtu wa huku unajua, lakini kwa wasomaji wako wa mikoa mingine niseme kwamba kwetu mtu akikukosea hujileta na isale kupitia mzee, na mwenye kuletewa isale hakatai, hata kama aliuliwa ndugu yake hakatai. Akaketi, mama akampa mtori, akala akamaliza ndipo akasema, "Mwanangu, kaka yako amenipigia simu amelia. Anaomba msamaha kwa ile kamba. Na anaomba hiyo karatasi yako uichane, na tarehe tatu mwezi wa kwanza uondoke naye, kuna mtumishi wa Mungu huko Dar amempata, ana nyumba, wanakaa miezi sita, wanaombewa mpaka wanafunguliwa."

Nikamuuliza, "Na dawa zangu, baba mkubwa?"

Akasema, "Huko dawa wanaziweka pembeni kwanza, ili imani ifanye kazi."

Nikamuuliza, "Na Lucky?"

Akasema ng'ombe atakwenda kwa binamu.

Nilimwambia sijakataa na sijapokea, anipe muda mpaka kikao. Kikao cha ukoo ni tarehe ishirini na saba, wote watakuwa wamepanda kwa Krismasi, na baba mkubwa amesema nitalipokea pale mbele ya watu na neno litakuwa limekwisha. Isale mama amelitia kwenye glasi ya maji juu ya kabati lisinyauke, kila asubuhi anabadilisha maji na kuniangalia, najua anaogopa, anaamini nikilikataa nitabeba laana na yeye ataizeekea. Nikilipokea naambiwa nimekubali yote mawili. Miezi sita bila dawa mimi najijua, sitafika hata mwezi wa pili.

Nimekasirika, Mama Odilia. Nimekasirika kiasi kwamba nilimpandia sauti mama, na hapo ndipo ninapoogopa, sijui kama hasira hii ni yangu au ni ugonjwa unabisha hodi, maana kwetu nikikasirika tu naulizwa kama nimekunywa dawa. Nisaidie, nilikatae isale, au nilipokee nikafie huko, au kuna njia ambayo mimi siioni? Nijibu kabla ya Krismasi.

Magreth, Marangu.

*

Magreth wa Marangu, marahaba. Jina lako limechapwa kama ulivyotaka, na mhariri aliponiuliza kama nina uhakika nilimwambia mwenye jina ndiye ameamua.

Nianze na hofu yako ya mwisho kwa sababu ndiyo iliyonikera. Unaniuliza kama hasira yako ni ugonjwa. Mama, unalala? Unaamka saa kumi na moja na nusu, unakata majani, unakamua, kuku wa mama yako bado wako bandani? Basi hasira hiyo ni yako, itunze. Barua yako ina uhaba mkubwa wa nukta, nilipumua mara nne tu tangu shikamoo hadi jina, lakini kila sentensi ilijua inakokwenda, na ninapokea za wazima wengi wasiofika popote. Mwanamke anayeambiwa aache dawa zake, nyumba yake na ng'ombe wake kwa mkupuo mmoja, asipokasirika ndipo mimi nitakapomuuliza kama yuko sawa. Ila kwa mama umekosea. Kamwombe radhi leo, hahusiki.

Sasa isale. Mimi nimezaliwa Kilema, jirani na kwenu, na nimeona masale yakipelekwa kwa makosa ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Nimeona yakipatanisha ndugu waliokuwa hawasalimiani miaka kumi. Na katika maisha yangu yote sijawahi kuona isale likibeba maombi mawili. Isale linaomba msamaha, basi. Mwanaume aliyempiga mkewe akileta isale anaomba asamehewe, haombi asamehewe na ahamishiwe shamba. Aliyekuja na la pili amelichomeka pale kwa sababu anajua la kwanza halikataliki. Kaka yako amefunga mzigo wake juu ya mzigo wa mila, na kwa simu, ili upite bila kukaguliwa.

Baba mkubwa Isack, najua gazeti hili mnalisoma kwa zamu baada ya ibada, kwa hiyo na wewe shikamoo. Ulifanya vizuri kumletea binti yenu isale. Lakini wewe ni mzee na haya unayajua kuliko mimi. Ulipolipokea lile neno la pili kwenye simu ulipaswa kumwambia Praygod, "Hilo njoo uliseme mwenyewe, kwa mdomo wako, bila jani." Bado una siku. Mwambie.

Wewe Magreth, lipokee. Tarehe ishirini na saba simama, nyoosha mikono yote miwili, lipokee kwa heshima mbele ya ukoo mzima, na umsamehe kaka yako kwelikweli, si kwa kuonyesha meno tu. Halafu sema hivi, na ukitaka ukariri: "Nimepokea isale la kamba. Jambo la pili halikuja na isale, kwa hiyo nalijibu kama jambo la kawaida, na jibu langu ni hapana." Kisha nyamaza. Usieleze. Ukianza kueleza watakuzungusha mpaka jioni.

Nyumba ya yule mtumishi usiende. Hili sikuachii ufikirie. Sigombani na maombi, mimi nasali rozari kila siku na ninakunywa dawa ya presha kila siku na havijawahi kugombana tumboni mwangu. Lakini mtu yeyote anayekwambia uweke dawa pembeni kwanza, awe mchungaji, mganga au ukurasa wa simu, anacheza na maisha ambayo si yake. Kama Praygod ana imani na huyo mtumishi amlete Marangu akuombee uani kwenu, na wewe unywe dawa yako mbele yake. Akikubali, ni mtu wa maombi. Akikataa, mtakuwa mmemjua.

Na kama tarehe tatu kuna atakayetaka kukupakia kwenye gari kwa nguvu, usisubiri siku hiyo kujipanga. Wiki hii nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa mchungaji wenu, waeleze, waombe wote wawili wawepo kwenye kikao. Namba ya Sista Gladness iwe kwenye simu ya mama yako, na mama afundishwe kuipiga. Watu wanapunguza ubabe mbele ya mgeni aliyeshika daftari.

Umedhani nimemaliza kukusifu? Sasa kaa vizuri nikukaripie.

La kwanza ni hiyo simu. Karatasi yenye dalili zako na jina la dawa zako unaituma huku unawahi kukamua? Mambo kama hayo yanatumwa ukiwa umeketi, na Blessing akiwa pembeni, au yanapelekwa kwa mkono ndani ya bahasha. Na hizo kurasa za mtandaoni, fomu tumieni lakini jazeni kwenye daftari kama mlivyofanya, msizijaze humo humo mtandaoni kwa watu msiowajua. Ukurasa unaokuuliza wewe unataka nini, usome. Ukurasa unaokuahidi siku saba au unaoomba namba yako ya simu kabla hujasoma mstari wa pili, funga. Na hakuna ukurasa wowote wa kukupunguzia kidonge. Mkono unatetemeka, sawa, ulivyoandika ni sahihi kabisa, lakini atakayebadilisha dozi ni daktari, na wewe uwe umeketi mbele yake ukimwonyesha huo mkono.

La pili ni kubwa zaidi. Mpango wako una shimo. Umeandika hutaki kamba, vema. Umeandika hutaki Praygod, una haki. Lakini ikitokea tena masika, siku ya tano hujalala, unateremka korongoni peku, nani anakufuata? Mama yako? Mama yako anabadilisha maji ya glasi, hawezi kukushika kwenye utelezi. Wewe umeniandikia mwenyewe kwamba kaka yako alikukimbilia. Mikono yake ilikosea, mikono ndiyo iliyoshika kamba, na ile pikapu kupita gulioni ni aibu ambayo ni yake, si yako. Lakini miguu yake haikukosea, Magreth. Alikimbia. Nimesoma sehemu hiyo mara mbili, na nadhani unajua kwamba ungeweza kuwa huniandikii leo.

Kwa hiyo ongeza ukurasa wa nne. Huo ndio ambao watu wengi huuruka, kwa sababu hakuna anayependa kujiona siku hiyo. Andika: nikikosa usingizi siku mbili mfululizo nipelekwe kliniki, hata kama nitakataa, hata kama nitatukana, kwa sababu mimi niliye mzima leo ndiye ninayeagiza. Andika nani anakuja, taja majina, na uwaulize kabla ya kuwaandika. Andika unakaa kiti cha mbele, umevaa viatu na kanga yako, na gari halipiti gulioni. Andika maneno wanayokuambia na nani anayasema. Andika nani anakamua. Ukifika mahali ambapo huwezi kuchagua, uwe umeshachagua mapema. Bila ukurasa huo, wenye kamba watasema, na watasikilizwa, kwamba uliwaachia pengo.

Na Praygod, baada ya isale, mfikirie kazi ya kumpa. Silazimishi. Labda yeye ndiye wa kutafuta gari na kukaa mbali. Mtu aliyeogopa vile hukimbilia kamba kwa sababu hakuna aliyemwambia afanye nini kingine. Mpe karatasi asome. Lakini jina lake litoke kwenye orodha ya usiowataka siku utakayoona wewe, si siku ya kikao, si kwa makofi ya shangazi.

Utaambiwa kwamba karatasi yako ni ya Kizungu. Nisikilize vizuri hapa, maana nakuambia jambo ambalo sijaliandika katika safu hii.

Kabla ya gazeti nilikuwa nesi, miaka thelathini na moja, na tisa kati ya hiyo nilikaa wodi ya wagonjwa wa akili, mkoa mwingine. Tulikuwa na mgonjwa anaitwa Thadeus, mtu mzima, mpole, haongei. Kila asubuhi tulimpa uji na kila asubuhi aliusukuma. Mimi kwa mwandiko wangu mzuri nikaandika kwenye faili, mgonjwa anakataa chakula. Wiki tatu nimeandika hivyo. Daktari akasoma, akaongeza dawa, Thadeus akawa analala mchana kutwa. Siku moja dada yake akafika kutoka kijijini, akauona ule uji, akasema kwa upole tu, "Huyu hanywi uji wenye sukari tangu utoto. Mpeni chumvi." Tukaweka chumvi. Akanywa vikombe viwili, akasema asante. Ilikuwa mara ya kwanza nasikia sauti yake.

Faili lilikuwa na kurasa arobaini, Magreth. Kumi na tano niliziandika mimi. Hakuna mahali ambapo mtu alikuwa amemuuliza Thadeus anapenda nini, na aibu hiyo ninayo bado, ninapokoroga uji wangu asubuhi huwa inanirudia. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kumuuliza mgonjwa anataka kuamka saa ngapi ni mambo ya Wazungu. Ni mambo ya adabu. Sisi huku mgeni akiingia tunamuuliza anakunywa mbege au chai, halafu ndugu yetu akiugua tunampangia hata mahali pa kulala bila kumtazama usoni. Kama imebidi watu wa mbali waandike fomu ndipo tukumbuke adabu yetu, tuwashukuru, na pale kwenye mbwa tuweke ng'ombe.

Na hilo la ng'ombe mlimalize, wewe na Blessing. Daftari lenu liandikwe upya kwa Kiswahili safi, maswali yale yale yakiwa na kihamba chetu cha migomba ndani, na mifugo, na kwaya, na nani anamfuata nani korongoni, bila jina lako, maswali matupu. Mpelekeeni Sista Gladness nakala kumi. Alikuambia karatasi hizo hawana. Basi sasa watakuwa nazo, na mtu wa Kibosho au wa Rombo atakayeketi kwenye lile benchi mwezi wa kwanza atakuta karatasi inamuuliza siku yake nzuri ikoje. Mnaweza kuiweka na mtandaoni, iwakute wengine wanaotafuta kama mlivyotafuta ninyi. Kwaya rudi Jumapili hii, usisubiri mpango ukamilike. Sauti ya pili haina watu siku hizi, kila mtu anataka kuongoza.

Mpango wako usiuchane. Nakala moja faili la kliniki, moja kwa mama, moja kwako. Siku ya kikao, kabla hujalipokea isale, usome wewe mwenyewe, umesimama, kuanzia "naitwa Magreth" hadi ukurasa mpya wa nne. Kile ulichofuta kwenye simu kwa aibu kisome kwa sauti, wameshakiona, sasa wakisikie kutoka kwa mwenyewe. Jina la Praygod ukifika usilinong'one. Soma, mtazame, endelea.

Ukirudi nyumbani litoe lile isale kwenye glasi ulipande kwenye mpaka wa kihamba, upande wa njia. Ni mmea ule ule ambao wazee walipandia mipaka yetu, unashika udongo upesi, na kila atakayeingia kwenu atapita kando yake. Mama yako aache kubadilisha maji.

Na siku hiyo usikubali kiti cha mlangoni. Fika mapema, kaa katikati ya watu, mbele ya wazee, na nguo yako ya kwaya. Akitokea wa kukuambia uende nyuma ya nyumba ukaangalie majani, mwambie Lucky ameshakula.